Miti si msitu, wala si kila mgeni ni mvamizi

Majuzi nilikuwa njiani kutoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein. Redio ya gari ilikuwa ikitupa taarifa ya habari ya saa saba, na msomaji akatangaza kwa sauti ya kujivunia kwamba "misitu" ya Kenya sasa imepita asilimia 12 ya ardhi yote. Nje ya dirisha michai ilikuwa imetandaa mpaka upeo wa macho, na nyuma yake mikaratusi imesimama wima mithili ya askari wa gwaride. Nikamwuliza dereva, kijana mzaliwa wa huko, kwa mzaha tu: "Kwa hivyo huu nao ni msitu?"

Akacheka. "Hiyo si msitu, mwalimu. Hiyo ni miti ya kampuni. Msitu iko kule juu, Mau."

Upatanisho wa kisarufi ulimponyoka kijana huyo, lakini maana haikumponyoka. Msomaji wa habari, kwa upande wake, alipanga ngeli zake sawasawa, akatamka vizuri, na alichokisema hakikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kusikiliza taarifa za mazingira kwa jicho la mhakiki, si kwa ajili ya kuokota makosa ya viambishi, bali kuchunguza kama Kiswahili tunachokitumia kinatosha kumwambia mkulima wa Konoin au Belgut jambo linalomkabili. Nimefikia kauli ambayo nataka kuitetea leo: Kiswahili chetu cha mazingira kinaugua ugonjwa wa kutumia neno moja kwa vitu viwili. Lugha ina utajiri wa kuvitenga vitu hivyo. Sisi tunaoitumia magazetini, redioni, majukwaani na hata vitabuni ndio tumekuwa wavivu wa kuuchota utajiri huo.

Tuanze na hiyo "misitu" ya redio. Ripoti ya taifa ya tathmini ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 ilitoa takwimu mbili. Eneo lililofunikwa na miti ya kila aina lilikuwa asilimia 12.13 ya nchi. Eneo la misitu lilikuwa asilimia 8.83. Tofauti ya takwimu hizo inaonekana ndogo, lakini ukiipima ardhini ni zaidi ya mara tatu ya kaunti za Kericho na Bomet zikijumlishwa. Humo mna miti ya mipakani mwa mashamba, ya viwanjani, ya kandokando ya barabara. Ni miti, na ina faida zake. Haijawa msitu.

Ukitaka kujua kwa nini jambo hili si la kuchezea, ifungue Katiba ya 2010, kifungu cha 69. Serikali imetakiwa ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Katiba inazungumzia miti, haizungumzii misitu. Mpango uliozinduliwa na Rais William Ruto mnamo Desemba 2022, wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 ili tufike asilimia 30, nao unahesabu miti. Kwa kipimo cha miti, tulishavuka lengo la Katiba. Kwa kipimo cha msitu, bado hatujalifikia. Mwandishi anayeziita takwimu zote mbili "misitu" anampa msomaji wake sherehe isiyo na harusi. Na hata katika hiyo 8.83, mashamba ya miti ya kupandwa yamehesabiwa pamoja na msitu asilia. Dereva wangu, asiyewahi kuisoma ripoti yoyote, alikuwa ametenga kile ambacho wataalamu wenyewe wamekichanganya.

Hebu tuutazame huo mkaratusi, ambao wengi huko huuita "bulugamu". Asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata mti wa kukua haraka utakaoilisha reli ya Uganda kuni. Mahali pa injini ya gari moshi pamechukuliwa na boila ya kiwanda cha chai. Majani chai yanayochumwa asubuhi lazima yakaushwe, na katika viwanda vingi vya Kericho na Bomet moto wa kuyakausha unatokana na kuni za mikaratusi. Ndiyo maana chai na mkaratusi husafiri pamoja kama uzi na sindano. Mkulima mdogo naye hupanda robo ekari, na baada ya miaka michache anauza nguzo au kuni, karo ya shule inapatikana.

Sitaki nisomeke kana kwamba naulaani mti huo. Pasipo mikaratusi, boila hizo zingeutafuta moto wake Mau. Ninachokataa ni kuuita msitu. Katika shamba la mikaratusi utapata umri mmoja, kimo kimoja na chini yake uoto haba. Panda juu kidogo hadi Mau ya Kusini Magharibi, msitu unaopakana na nchi ya chai. Utakuta tabaka juu ya tabaka: miti mirefu, mitambaazi, mianzi, kuvu, nyuki, ndege wa kila sauti. Humo kuna tendwet, kama Wakipsigis wanavyouita, mti ambao gome lake lilisakwa na kampuni za dawa za tezi dume za Ulaya kiasi kwamba biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti. Humo kuna tarakwet, yaani mwerezi. Kutoka Mau hushuka mito ya Nyangores na Amala, ambayo huungana kuwa Mto Mara. Ukiukata msitu huo ukapanda mikaratusi idadi ile ile, hesabu ya miti haitabadilika. Redio itasema hatujapoteza kitu.

Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mwaka 2009 mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na kwenye chemchemi kwa sababu ya kiu yake. Kumbe basi mahali mti ulipo ni sehemu ya maana yake. Mkaratusi kilimani kwenye shamba la kuni ni mali. Mkaratusi huo huo mguuni mwa chemchemi ni mwizi wa maji. Neno "miti" peke yake haliwezi kutwambia lipi ni lipi.

Hapo ndipo tunapoingia katika neno la pili ambalo limekuwa na umaarufu wa ghafla: vamizi. "Mimea vamizi", "viumbe vamizi", "spishi vamizi". Siku hizi mtu akitaka kuuchongea mti wowote uliotoka ng'ambo huuita vamizi na kumaliza. Nimesoma makala iliyoutia mkaratusi, mchai, mvinje na gugu maji katika kapu moja. Ikiwa kila kilichotoka nje ni kivamizi, basi mahindi tunayosongea ugali ni mavamizi, kwa kuwa asili yake ni Amerika. Viazi navyo vilevile. Na chai je, iliyopandwa Limuru mwaka 1903 na kuenea Kericho katika mashamba makubwa ya miaka ya 1920?

Sayansi yenyewe haisemi hivyo. Septemba 2023 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, IPBES, lilitoa ripoti yake kuhusu suala hili. Lilieleza kwamba binadamu amehamisha zaidi ya spishi 37,000 kutoka makwao na kuzipeleka ugenini. Kati ya hizo, zaidi ya 3,500 ndizo zenye madhara yaliyothibitishwa. Hiyo si hata moja katika kila kumi. Lakini hao wachache si mchezo: wamechangia asilimia 60 ya visa vinavyojulikana vya viumbe kutoweka duniani, na gharama yao kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuzidi dola bilioni 423. Anayewaita wageni wote wavamizi anawaficha wavamizi wa kweli katikati ya umati.

Wanasayansi hugawa safari ya kiumbe mgeni katika hatua. Kwanza huletwa. Kisha baadhi huzoea, huzaana na kujitegemea bila kupaliliwa na mtu. Halafu wachache kati ya hao hutapakaa na kuwaangamiza wenyeji. Nimewasikia wanafunzi wangu wakilalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za hatua hizo. Kwani nani aliwaambia? Tunayo maneno matatu ambayo yamekaa kitako kwenye kamusi yakisubiri kazi: mgeni, mlowezi na mvamizi.

Mgeni ni aliyekuja. Mlowezi, kutokana na kitenzi lowea, ni aliyekuja akakaa, akazoea, akawa na makao. Mvamizi ni anayeingia kwa nguvu na kupora. Mpangilio huu haujatoka kwa mtaalamu wa istilahi mwenye kompyuta. Umo katika hekima ya wahenga walionena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema mfukuze, wala hawakusema mwache ale tu. Walisema mtazame, kisha umpe kazi, ujue ni mtu wa aina gani.

Tukipime kipimo hicho. Mchai ni mgeni aliyepewa jembe. Ukiacha kuupogoa utarefuka, ila hautavuka barabara kuuteka msitu kwa hiari yake. Ikiwa msitu ulikatwa ili chai ipandwe, aliyevamia ni mwenye panga, si jani. Mkaratusi wa Kericho kwa kiasi kikubwa ni hivyo hivyo: upo pale ulipo kwa sababu mtu aliupanda. Kosa lake, pale lilipo, lina mwenyewe mwenye jina na hatimiliki. Kuuita mkaratusi mvamizi ni kumwondolea mpandaji lawama na kuutwika mti.

Sasa geuka uwatazame majirani wetu wa Baringo. Miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge ili uzuie jangwa na uwape kuni. Ulikuwa mgeni mwenye barua nzuri ya utambulisho. Ukalowea. Kisha ukavamia: ukaziba malisho, ukafunga njia, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wailchamus waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Watu walicheka. Mimi naona kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila siku ya kupanda miti, kwa kuwa mathenge haukuja kwa hila. Uliletwa na watu wenye nia njema waliokuwa wakihesabu miti.

Kuna sababu nyingine ya kulitumia neno "mvamizi" kwa uangalifu katika eneo hili hasa. Dhana ya viumbe kuvamia ilipewa nguvu na mwanaikolojia wa Uingereza, Charles Elton, katika kitabu chake cha mwaka 1958, enzi ambapo lugha ya vita kuu ilikuwa bado midomoni mwa watu. Neno hilo limefika kwetu na kukuta lina kazi nyingine. Familia zilizoondolewa Mau ya Kusini Magharibi kuanzia mwaka 2009 ziliitwa "wavamizi wa msitu" magazetini. Miongo mingi kabla ya hapo, Wakipsigis walipoteza ardhi ambayo leo ni mashamba makubwa ya chai, na watu wa ukoo wa Talai wakahamishiwa Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934. Walioipata ardhi hiyo tumezoea kuwaita walowezi, neno la upole zaidi. Mzee wa Kericho akisikia "mvamizi" na "mlowezi" hasikii botania. Anasikia historia ya kwao. Simwambii mwandishi aliepuke neno. Namwambia alitumie mahali linapostahili, na ajue linagonga wapi.

Msomaji anaweza kusema, "Profesa, haya ni mambo ya wasomi wenye nafasi." La hasha. Nitakupa mifano miwili ya jinsi neno linavyoingia mfukoni mwa mkulima.

Mwanzoni mwa 2017 mashamba ya mahindi nchini yalishambuliwa na kiwavi aliyetoka Amerika, ambaye alikuwa ameonekana Afrika Magharibi mwaka uliotangulia. Vyombo vyetu vya habari vikamwita "viwavijeshi". Tatizo ni kwamba jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Tunaye kiwavijeshi wa Afrika tangu jadi. Huyo wa jadi hutembea kwa makundi makubwa, hula majani waziwazi, kisha hupotea. Mkulima aliyemzoea anajua namna ya kumngojea. Huyu wa Amerika hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, anakula akiwa amejificha, na kwa kuwa kwetu hakuna majira ya barafu ya kumwua, huzaana mwaka mzima. Ukimnyunyizia dawa juu ya majani mchana, kama ulivyomfanyia yule wa kwanza, umeinywesha ardhi pesa zako. Anatambulika kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Wenzetu wa Tanzania walimwongezea neno wakamwita "kiwavijeshi vamizi", na hapo neno lilistahili. Sisi tulimpa mgeni jina la mwenyeji, na mkulima akampokea mgeni kwa mbinu za mwenyeji.

Mfano wa pili ni wa Bomet yenyewe. Septemba 2011, huko Longisa, mahindi yalianza kugeuka manjano, majani yakakauka kuanzia kingoni, mabua yakafa yakiwa na magunzi yasiyo na punje. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuripotiwa Kenya. Wataalamu waligundua ni virusi viwili vinavyoshirikiana, mojawapo kikiwa hakijawahi kuripotiwa nchini. Huenezwa na wadudu wadogo, vidukari wakiwemo, na hata kwa mbegu. Mwaka 2013 kituo maalumu cha kupima aina za mahindi zinazostahimili ugonjwa huo kikaanzishwa Naivasha.

Wakulima wa Bomet hawakungoja. Waliuita koroito, yaani tauni. Jina hilo linasema kwamba jambo hili huambukiza, kwamba ukiona kwa jirani ujihadhari. Kiswahili cha magazeti kiliuitaje? "MLN". Herufi tatu za Kiingereza zisizomwambia mtu chochote. Ushauri wa maafisa wa kilimo ulikuwa mzuri: usipande mahindi juu ya mahindi msimu baada ya msimu, ng'oa yaliyougua, geukia maharagwe au viazi. Lakini ushauri wa kujikinga na tauni unaeleweka upesi zaidi kuliko ushauri wa kujikinga na herufi. Tungeuita "tauni ya mahindi" tungekuwa tumewatafsiri wakulima, badala ya kuwapa kifupisho cha maabara.

Haya yote yanatokea wakati nchi yenyewe inabadilika. Hapa nako tuna neno moja kwa vitu viwili. Kila siku nasikia "mabadiliko ya hali ya hewa". Hali ya hewa hubadilika Kericho kila alasiri: jua saa sita, mvua ya mawe saa tisa. Hilo halijawahi kumshangaza mtu. Kinachobadilika sasa ni tabianchi, yaani tabia ya nchi, ambayo wataalamu huipima kwa wastani wa miaka 30. Mkulima akiambiwa "hali ya hewa imebadilika" atangoja kesho ibadilike tena. Akiambiwa nchi imebadilika tabia, ataanza kujiuliza kama mbegu ya baba yake bado inafaa, na kwa nini wadudu waliokuwa wageni wa msimu sasa wanalowea. Jirani aliyebadilika tabia humngojei apoe kesho. Unabadilisha namna ya kuishi naye.

Nakubali kwamba istilahi peke yake haizuii kiwavi kula hindi. Nakubali pia kwamba mwandishi wa habari ana dakika 20 za kuandaa taarifa na mhariri anayemkodolea macho. Lakini "eneo lenye miti" si refu mno kuliko "misitu". "Tabianchi" ni fupi kuliko "hali ya hewa". "Shamba la miti" limekuwepo tangu zamani. Tunalokosa si nafasi ukurasani. Tunakosa mazoea ya kujiuliza, kabla ya kuandika neno, kama lina mwenyewe mwingine.

Nina maombi matatu basi. Wahariri wetu waweke kanuni ya ndani kwamba miti na misitu havitafsiriwi kwa neno moja, na kila takwimu itaje inahesabu nini. Walimu wa Kiswahili nao waache kuwasifu wanafunzi kwa insha za "zulia la kijani kibichi" bila kuwauliza kijani hicho ni cha nini. Zulia ni kitu kimoja kilichofumwa kwa uzi mmoja; ndiyo sifa ya shamba la chai, na ndiyo kinyume cha bayoanuwai.

La tatu linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Kifungu kile kile cha 69 kinaitaka serikali ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bayoanuwai. Maarifa hayo yanakaa ndani ya majina. Mama wa Kipsigis anayetafuta senetwet ili mkaa wake usafishe kibuyu cha mursik anajua mmea huo humea wapi na mwaka huu umepungua au la. Siku atakapouita "mti tu", ujuzi huo utakuwa umekufa, na hakuna tathmini itakayouhesabu. Tukusanye majina hayo, tuyaingize katika kamusi za Kiswahili kama tulivyoyaingiza ya Kiarabu na Kiingereza, kabla waliozaliwa nayo hawajatuaga.

Tulipofika Bomet nilimwuliza dereva kama anaijua miti ya Mau kwa majina. Akataja minane, kisha akanyamaza akifikiri. "Nyanya yangu anajua yote," akasema. Nikamwomba siku moja anipeleke kwake, nami nibebe daftari.